Mwambie Fundi Aisafishe

Tarehe 4 Machi

Mdogo wangu,

Mimi sijambo, na wewe nadhani hujambo, maana ungekuwa mgonjwa ungeshanipigia simu kunililia. Nimeamua kuandika kwa sababu simu imetushinda. Mara tatu mfululizo tumekatiana, na mara ya mwisho aliyekata ni wewe, usibishe. Kwenye barua angalau nitamaliza sentensi; nitaipiga picha nikutumie kwa simu, nawe unijibu hivyo hivyo.

Jambo lenyewe ni hii kompyuta yako ya gemu iliyobaki chumbani kwa marehemu mama. Unajua tangu mwaka jana ndiyo ninayochorea mapazia. Wateja wa siku hizi hawataki kushika kitambaa, wanataka wakione kimeshaning'inia kwenye dirisha lao, taa imewaka na kochi lipo. Sasa nimepata kazi ya hoteli. Ghorofa tatu, vyumba vyote! Mwenyewe anataka michoro kabla mwezi wa nne haujaisha. Na hii kompyuta yako, nikiiambia ichore dirisha moja, naenda kuosha vyombo, navikausha, navipanga, narudi, bado inazungusha kale kaduara. Feni inanguruma mpaka jirani ameniuliza kama nimefungua mashine ya kusaga.

Basi nakuuliza wewe unayejua: niiongezee vipuri, au niachane nayo nijenge nyingine mpya? Nijibu kama mtu mzima. Na usinirudie na ile habari ya kuiwasha kila Jumamosi mchana ili isioze. Mwaka wa pili huu tangu mama afariki naiwasha kwa sababu uliniomba, na sijui inanufaika nini.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Dada, shikamoo.

Hongera kwa hoteli! Nilijua tu. Wewe ukimshika mteja, ataondoka na mapazia hata kama nyumba yake haina madirisha.

Sasa nisikilize. Usinunue mpya. Ukienda dukani watakuuzia kesi ya kioo yenye taa za rangi, utadhani umeingia saluni, na ndani hamna lolote la maana. Ile nimeijenga kwa mikono yangu, skrubu moja moja, juu ya meza ya kulia, na wewe unanifokea niondoe takataka zangu watu wale. Kesi yake ni chuma. Iongezee RAM, badilisha kadi ya picha, basi, itakuchorea hoteli yote na uwanja wa ndege wake. RAM nitakutumia. Kuna mwenzangu wa hapa ghalani anakuja likizo huko wiki ya tatu.

Lakini kabla ya yote mwambie fundi aisafishe. Nakwambia, mara nyingi ugonjwa ni huo tu.

Huku ni kazi na baridi. Naendesha kile kigari cha kunyanyua mizigo kwenye ghala la samaki wa barafu, saa nane kwa siku, masharubu yanaganda. Nimeyanyoa.

Jumamosi iwashe tafadhali. Usichoke.

Mdogo wako


Tarehe 15 Machi

Marahaba.

Fundi amekuja. Ni yule mwenye meza yake chini ya ngazi, kwenye jengo la duka la dawa. Ameifungua, ameiangalia, akavua miwani. Anasema RAM sawa, itaingia. Lakini hiyo kadi mpya ya picha unayoisema inakula umeme mwingi, na pawa saplai iliyopo haiwezi kuibeba. Nikabadilishe pawa saplai? Sawa, ila bodi kuu ni ya zamani, kadi itakuwa inakimbia na mguu mmoja. Nikabadilishe bodi? Prosesa haitakaa. "Mama," akaniambia, "ukimaliza kubadilisha, cha zamani kitakachobaki ni bati." Ushauri wake nijenge mpya, na kama nalipenda sana hilo bati nilitumie kuhifadhia vitambaa.

Mimi naona anasema kweli. Halafu najiuliza, huyu mdogo wangu ambaye simu hubadilisha kila mwaka, viatu hubadilisha, marafiki hubadilisha, ana nini na hiki kisanduku? Unakitetea utadhani ndugu yako wa kuzaliwa. Kwa hiyo nakuuliza wazi, bila kuzunguka: kuna kitu humo ndani unachokitaka? Kama kipo, sema. Sitakusema vibaya. Sema tu, nijue la kufanya.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Dada, shikamoo.

Kitu gani tena? Hakuna kitu humo. Ni gemu za zamani na picha zangu za shule nikiwa na kichwa kikubwa. Ni mashine nzuri, nakuonea uchungu usitupe hela, ni hilo tu.

Huyo fundi anataka kuuza. Fundi gani anashauri ukarabati wakati ana vipuri vipya vya kuuza chini ya ngazi? Mwambie aisafishe kwanza, aweke RAM, halafu tuone. Ikishindikana ndiyo tuzungumze habari ya mpya.

Mdogo wako


Tarehe 29 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Ulikuwa sahihi! Nakubali kushindwa, na uitunze hii barua maana hutaipata nyingine. Mwenzako wa ghalani alileta RAM, mtu mwenye adabu sana, akakataa hata kukaa. Juzi Jumatano fundi akaiweka, na akaisafisha kama ulivyosema. Mashine inaruka! Leo nimechora vyumba sita. Feni huisikii. Sioni tena haja ya kujenga mpya, angalau kwa hii hoteli.

Asante kwa ushauri.

Dada yako


Tarehe 30 Machi

Dada,

Shikamoo. Leo Jumamosi, umeiwasha, nimeona imewaka, lakini shamba halipo. Fundi amesafisha nini? Nilisema vumbi! Brashi na kipulizio! Vumbi, dada!

Nitasema sasa. Unakumbuka ile gemu ya kilimo niliyomfundisha mama kabla sijaondoka, miguu yake ilipoanza kumkatalia. Wewe uliona anacheza tu. Lile shamba lilikuwa la kwetu sote wawili. Lilikaa ndani ya mashine hiyo, si mahali pengine popote. Ikiwa imewashwa huko, mimi huku niliweza kuingia, tukalima pamoja, tunaongea kwa zile hedifoni. Kila Jumamosi mchana, miaka minne.

Alipofariki niliendelea kuingia. Ndiyo maana ya kukuomba uiwashe. Hakuna mashine inayooza kwa kutowashwa, nilikudanganya. Nalisha ng'ombe, napita kwenye mistari aliyolima yeye, natoka. Usicheke. Niliona haya kukwambia kwamba mtu wa miaka thelathini na mbili analima shamba la kwenye kioo.

Izime sasa hivi. Ichomoe kwenye umeme. Usichore chochote. Vilivyofutwa huweza kurudishwa kama hakuna kilichoandikwa juu yake. Nakuomba. Nijibu leo.

Mdogo wako


Tarehe 6 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya hoteli. Nimemaliza ghorofa ya kwanza na ya pili.

Kuhusu hilo lililotokea, pole. Lakini usinitupie mimi. Neno ni lako: aisafishe. Umeliandika mara mbili, barua ninazo. Kumbe kwa hawa mafundi kusafisha ni kufuta kila kitu na kupiga upya windo, hiyo programu inayoendesha mashine. Mimi ni mshona mapazia, ningejuaje? Nimempelekea fundi neno kama ulivyolitamka, naye amelifanya kama anavyolijua.

Na kabla ya hapo nilikuuliza, kuna kitu humo? Ukanijibu kwa mkono wako, hakuna kitu.

Dada yako


Tarehe 11 Aprili

Dada, shikamoo.

Siku saba. Siku saba umechora juu yake, baada ya mimi kukuomba uichomoe. Sitaki kuongea sana kuhusu hilo, nitasema nitakayojutia.

Ila huyo fundi hataniponyoka. Mtu anayefuta mashine ya mtu bila kuuliza si fundi, ni mharibifu. Mwenye lile jengo nilisoma naye darasa moja. Nimempigia jana, nimemweleza yote, kwamba ana mtu pale chini ya ngazi anayeharibu mali za watu, za marehemu. Amesema atamwondoa. Namba ya fundi nayo nimeitafuta, nimempigia, nimemwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia binadamu. Mwisho akasema, "Kaka, muulize dada yako." Mwoga, anajificha nyuma ya mwanamke.

Mdogo wako


Tarehe 17 Aprili

Mdogo wangu,

Fundi ameondolewa. Amekuja kwangu jana asubuhi na kisanduku chake cha bisibisi, meza ameiacha kwa muuza dawa. Hakunifokea. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Mama, si nilikuuliza?" Nikakosa pa kuuweka uso.

Aliniuliza. Mara mbili. Aliposhika mashine alisema, "Safisha ya vumbi au safisha ya kufuta?" Nikamwambia ya kufuta. Akaangalia ndani, akaniita nione, akasema, "Kuna gemu humu imechezwa Jumamosi hii hii, mama, labda kuna mtu anaitaka." Nikamwambia futa. Nilijua ulimaanisha vumbi. Nimekulea mimi, nitashindwa kujua unamaanisha nini?

Sasa sikiliza sababu, kisha unihukumu unavyotaka.

Jumamosi ile kabla ya fundi kuja kuweka RAM, barua yako ya "hakuna kitu" ilikuwa imeshafika. Nikaiwasha mashine kama ulivyoniomba. Jumamosi, kwa kuwa sichori, huwa nawasha sanduku tu na kioo nakiacha kimezimwa. Siku hiyo, sijui kwa nini, nikawasha na kioo. Nikaona trekta linalima lenyewe. Nikashtuka, nusura nipige kelele. Halafu nikaona juu yake pameandikwa Mwana, lile jina mama alilokuwa anakuita, nikakuelewa. Nikavuta kiti chake nikakaa. Ulilima mpaka mwisho wa shamba, ukageuza, ukarudi. Kwa saa mbili na nusu. Kaburi la mama halijakuona hata dakika moja. Ulisema mkataba haukuruhusu, nikameza. Mwaka ule ule ukapata likizo ya wiki tatu, ukasema nauli, nikameza tena. Kumbe Jumamosi hukosi! Kwenye shamba la kioo unafika kwa wakati, unalisha na ng'ombe.

Ukatoka. Nikabaki mimi peke yangu na vile vitufe vya mishale, nikaanza kutembea. Mama kaweka vibao kila mahali. Mahindi ya Baba. Bwawa la Mwana. Banda la Jirani, na jirani mwenyewe walikuwa hawapatani. Mpaka yule paka aliyekuwa anatuibia nyama ana mti wake! Nikatafuta jina langu. Nimezunguka lile shamba mpaka macho yakaniuma. Miaka sita nimemwogesha yule mama, nimembeba kwenda chooni, nimemkata kucha, mchumba wangu amechoka kungoja akaoa. Sikupata hata banda la kuku. Kilichobaki chote ni cha huyo Bosi wenu. Shamba la Bosi, Ng'ombe wa Bosi, na lile jumba kubwa mwishoni, Nyumba ya Bosi. Nilikuwa namsikia mama kila Jumamosi, Bosi kaja, Bosi atakasirika, anacheka. Nikajua ndiye tajiri wa kwenye gemu yenu anayepokea mavuno. Hata tajiri wa kutungwa kapewa nyumba na mama yangu, mimi sikupewa.

Basi nilifuta. Roho ilitulia siku moja, siku ya pili ikaanza kuniuma, na wewe ulipoandika niichomoe nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye swichi. Nikauondoa nikaendelea kuchora.

Kesho nakwenda kwa mwenye jengo kumwambia ukweli, fundi akiwepo. Huyo mtu hana kosa.

Dada yako


Tarehe 2 Mei

Dada,

Bosi ni wewe.

Hakuna tajiri kwenye ile gemu. Bosi ni wewe, tangu siku ulipomnyang'anya mama chumvi ukaificha juu ya kabati. Akaniambia, "Mwanangu, nina bosi humu ndani, hata kukohoa naomba ruhusa." Ndiyo tukaanza. Ukiingia na dawa, anasema Bosi kaja, nyamaza. Alikuwa anakuogopa na anacheka. Hakutaka ujue, alisema ukijua utaanza kujitetea na kuleta maelezo.

Mimi nilitaka shamba tuliite jina lake. Akakataa. Akasema, "Hapa mimi sina changu, namlimia Bosi. Siku akipumzika nitamwita akae kwenye kiti, nimkabidhi." Ile nyumba ilimchukua mwaka mzima. Alikuwa anauza mahindi, ananunua dirisha moja. Wiki nyingine anauza tena, ananunua jingine. Akawa ananiuliza, "Mapazia yapo kwenye gemu hii?" Nikamwambia hayapo mama. Akasema basi atayaleta mwenyewe Bosi.

Unataka kujua kwa nini sikuja kaburini? Si mkataba wala nauli. Nikifika hapo atakuwa amekufa kweli. Huku alikuwa ametoka tu kidogo, ameacha trekta. Sasa nimeelewa. Umenifikisha.

Sina la kukutukana. Nimekaa wiki mbili nalitafuta, sikulipata la kukutosha.

Mdogo wako


Tarehe 9 Mei

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara nne. Mara ya pili niliisoma kuanzia juu kabisa, nikidhani shikamoo nimeiruka.

Fundi amerudi chini ya ngazi. Mwenye jengo alinisikiliza, akaniangalia kwa namna ambayo nitaikumbuka. Nikamwomba fundi ajaribu kurudisha, nikampa mashine yote aende nayo. Amehangaika nayo siku nne, hakutaka malipo. Vilivyotoka ni vipande vipande vya madirisha yangu ya hoteli. Anasema nimechora hapo hapo, juu ya vile vilivyofutwa.

Sijui unaombaje msamaha kwa kitu kama hiki. Sijawahi kuwa hodari wa kuomba, unajua. Nilikuwa na hasira ya miaka, nikaitolea mahali pabaya kuliko pote. Na wewe ungesema tu, Mwana! Nilipokuuliza ungesema. Ningekukasirikia, lakini ningeliacha.

Naomba kitu kimoja. Niandikie ile nyumba ilikuwaje. Nilifika mpaka mbele ya mlango, nikasoma kibao, nikageuka kwa hasira bila kuingia. Ndani kulikuwa na nini? Mlango ulikuwa rangi gani? Niandikie hata ukurasa mmoja.

Dada yako


Tarehe 30 Mei

Mdogo wangu,

Sijui kama barua yangu ilifika. Hoteli wamepokea michoro, wamefurahi. Mashine imeanza kunguruma tena. Fundi anasema tulipoteza muda, ni kujenga mpya tu. Sijaamua. Nakungoja useme.

Na ile nyumba, tafadhali.

Dada yako


Tarehe 21 Juni

Dada,

Barua zako zote mbili zilifika. Nilikuwa najaribu kukuandikia ile nyumba.

Nimeanza mara nyingi, nimechana. Nakumbuka kulikuwa na ngazi mbele, tatu au nne. Madirisha yalikuwa mengi. Ndani palikuwa na meza, nadhani, na kiti chake, au kiti kilikuwa kwenye zizi, sina uhakika. Rangi ya mlango siikumbuki. Nimepita pale kila wiki miaka yote hiyo na sikuwahi kuiangalia vizuri, kwa sababu ilikuwepo. Ungeniuliza mwezi wa pili ningeingia nikakutazamia, nikakwambia hapo hapo.

Sauti yake nayo nilikuwa naikumbuka nikiwa mle ndani tu. Sasa nikijaribu naisikia yako.

Kuhusu kompyuta, msikilize fundi. Jenga mpya. Hiyo haina kitu.

Mdogo wako